Mwisho wa Mchezo ni Deni: Watazamaji wa Tamthilia za Korea na Haki Yao ya Kudai

Wahenga walituachia neno fupi lisemalo kwamba ahadi ni deni. Aghalabu twalitumia neno hilo katika mambo ya fedha na mapatano, lakini lafaa vile vile kwa kazi ya mtunga hadithi. Mtu anapowakusanya watu na kuwaambia, "Hapo zamani za kale," amekwisha kukopa mali yao: amekopa wakati wao, masikio yao na huruma ya mioyo yao. Hana budi kulipa deni hilo kabla ya kuwaaga. Akiondoka pasipo kulipa, wasikilizaji wana haki ya kunung'unika, hata kama hadithi yenyewe ilikuwa tamu tangu mwanzo hadi karibu na kikomo chake.

Twalisema jambo hili kwa sababu ya manung'uniko yanayosikika kwa miaka mingi juu ya tamthilia za televisheni za Korea ya Kusini. Michezo hiyo imevuka mipaka ya nchi yake na kuenea katika Asia, Amerika, Ulaya na Afrika. Katika Afrika ya Mashariki nako inao wapenzi wengi, wake kwa waume, ambao huifuata jioni baada ya kazi, na kesho yake hujadiliana juu ya waliyoyaona. Wanaisifu kwa mambo mengi. Walakini wengi wao husema neno moja: kwamba watungaji wa Korea ni hodari wa kufungua hadithi, wala si hodari wa kuifunga. Sehemu kumi na mbili za kwanza humshika mtazamaji asiweze kuinuka alipoketi. Sehemu nne za mwisho humwacha akijiuliza kama ni mtu yule yule aliyeziandika.

Je, manung'uniko hayo ni ya haki, au ni maneno ya watu wasiotosheka? Maoni yetu ni kwamba ni ya haki. Lakini mara nyingi hupigwa mtu asiye ndiye. Watazamaji humlaumu mtungaji peke yake, wakidhani kwamba akili yake imechoka au moyo wake umekuwa mgumu. Ukweli ni kwamba mwisho wa mchezo huharibikia mahali pa kazi, muda mrefu kabla haujafika machoni pa mtazamaji. Anayetaka kuelewa kwa nini mwisho ni mbaya, na atazame jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

MADENI MATATU YASIYOLIPWA

Kwanza tuyatazame malalamiko yenyewe. Katika mwaka 2004 kituo cha SBS kilionyesha mchezo uitwao "Lovers in Paris", yaani Wapenzi wa Paris, ulioandikwa na Kim Eun-sook na Kang Eun-jung. Ulisimulia habari za msichana asiye na mali aliyependana na kijana tajiri, mkubwa wa kampuni ya magari. Ulipokaribia kwisha, zaidi ya nyumba 50 katika kila nyumba 100 zilikuwa zikiutazama. Kisha ikafika sehemu ya 20, iliyokuwa ya mwisho, na watu wakaambiwa kwamba yale yote waliyoyaona ni hadithi iliyokuwa ikitungwa na msichana, na kwamba wapenzi wa kweli ni wengine wanaoanza kukutana kwa namna ile ile. Nchi nzima ilipiga kelele. Watu walikuwa wamelia na kucheka pamoja na wale wawili kwa majuma kumi. Sasa wanaambiwa kwamba wale wawili hawakuwapo.

Mfano wa pili ni mchezo wa kuchekesha wa kituo cha MBC uitwao "High Kick Through the Roof". Ulionyeshwa kwa sehemu 126 na kumalizika tarehe 19 Machi, 2010. Ulikuwa mchezo wa kicheko tangu mwanzo, nao ulimalizika kwa kifo. Msichana aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliyekuwa akimpenda kwa siri daktari wa nyumba ile, yumo katika gari lake wakielekea uwanja wa ndege, mvua ikinyesha. Anatamani wakati usimame. Picha ikasimama, na kutokana na maneno ya wenzao watazamaji wakafahamu kwamba wote wawili wamekufa barabarani. Wapo waliomtetea mwongozaji, Kim Byung-wook, wakisema kwamba alitaka kuonyesha jinsi ukuta baina ya maskini na tajiri usivyovunjwa kwa mapenzi matupu. Lakini wengi walihisi kwamba wamealikwa harusini, kisha wakafungiwa matangani.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Katika mwaka 2022 kituo cha JTBC kilionyesha "Reborn Rich", ambao kwa Kikorea jina lake ni Mwana wa Mwisho wa Nyumba ya Matajiri. Mtumishi mwaminifu wa jamaa yenye makampuni makubwa anauawa kwa hila ya wale wale aliowatumikia. Anaamka katika mwaka 1987, akiwa mjukuu mdogo wa jamaa hiyo, na kwa kuwa anayajua yatakayotokea, anaanza kuwapiku mmoja mmoja. Katika kitabu ambacho mchezo ulitokana nacho, mjukuu huyo anafika mwisho wa safari yake na kuzishika kampuni zile. Katika televisheni sivyo. Mjukuu anakufa katika ajali, na yule mtumishi anazinduka katika zama zetu, akiwa amepoteza fahamu kwa siku chache tu. Anakwenda kutoa ushahidi dhidi ya jamaa ile, na mambo yakaishia hapo. Sehemu hiyo ya mwisho, iliyoonyeshwa siku ya Krismasi, ilitazamwa na karibu nyumba 27 katika kila nyumba 100, na hasira ilikuwa kubwa kama idadi ya watazamaji. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu ule mchezo wa Paris, na kosa lilikuwa lile lile: kumwambia mtazamaji kwamba aliyoyaona hayakuwa na uzito.

WATAZAMAJI HAWACHUKII MACHOZI

Husemwa mara kwa mara kwamba watazamaji hutaka harusi tu, na kwamba mtungaji mwenye ujasiri wa kuleta huzuni hupigwa mawe. Neno hilo si kweli, na historia ya televisheni ya Korea yalikanusha.

Katika mwaka 1995 kituo kile kile cha SBS kilionyesha "Sandglass", yaani Saa ya Mchanga, ulioandikwa na Song Ji-na. Ulikuwa na sehemu 24, na ulionyeshwa usiku nne katika kila juma. Ulisimulia maisha ya vijana watatu katika miaka ya utawala wa kijeshi, na ulithubutu kuonyesha mauaji ya raia katika mji wa Gwangju mwezi Mei 1980, jambo ambalo kwa miaka mingi halikuweza kusemwa hadharani. Zaidi ya nyumba 60 katika kila 100 ziliutazama, na watu waliharakisha kurudi nyumbani hata barabara zikapungua magari. Je, uliishaje? Uliisha kwa mmoja wa wale marafiki, aliyekuwa mtu wa magenge, kuhukumiwa kifo. Na mwendesha mashtaka aliyemtakia hukumu hiyo ni rafiki yake wa tangu ujana. Hakuna mwisho mchungu kuliko huo. Lakini watu hawakusema kwamba wamedanganywa, kwa maana tangu mwanzo njia za wawili hao zilikuwa zikielekea kukutana mahali pale.

Hali kadhalika "I'm Sorry, I Love You" wa kituo cha KBS, katika mwaka 2004, mwaka ule ule wa mchezo wa Paris. Shujaa wake ana risasi kichwani, na mtazamaji anajua mapema kwamba siku zake zinahesabika. Anakufa, na mwaka mmoja baadaye msichana aliyempenda anafia kaburini pake. Watu walilia sana. Lakini waliulilia mchezo, hawakuulalamikia.

Tena yafaa kumtazama Kim Eun-sook mwenyewe, aliyelaumiwa kwa ajili ya mchezo wa Paris. Katika mwaka 2018 aliandika "Mr. Sunshine", wenye sehemu 24, juu ya miaka ya kwanza ya karne ya ishirini, Japani ilipokuwa ikiinyang'anya Korea uhuru wake kabla ya kuimeza kabisa mwaka 1910. Karibu wote tuliowapenda wanakufa. Afisa aliyezaliwa mtumwa anautoa uhai wake katika gari moshi ili mwanamke ampendaye aokoke, na mwanamke huyo anavuka kwenda Manchuria kuwafundisha wengine kushika bunduki. Kalamu ni ile ile, lakini safari hii watu walikubali, kwa sababu kila kifo kilikuwa kimelipiwa. Mtazamaji alijua tangu mapema kwamba habari za watu wasio na silaha za kutosha, wanaopigania nchi yao, haziwezi kuisha kwa karamu.

KIPIMO CHA MWISHO MWEMA

Basi kipimo ni nini? Kipimo si furaha wala huzuni. Kipimo ni kama mwisho umelijibu swali lililoulizwa mwanzoni, na kama umeyaheshimu yaliyotokea katikati. Mwisho unaokana yaliyopita ni sawa na mdeni anayemwambia mwenye mali, "Sikukopa kitu kwako, uliota."

Mfano mzuri wa deni lililolipwa kikamilifu ni "My Mister" wa kituo cha tvN, mwaka 2018, ulioandikwa na Park Hae-young. Ni habari za mhandisi wa makamo aliyechoshwa na maisha, na msichana kibarua wa ofisini anayelemewa na madeni na kumtunza bibi yake asiyeweza kusema. Jina la msichana, Ji-an, laandikwa kwa herufi zenye maana ya kufika penye utulivu. Mwishoni hakuna arusi, wala mtu hatajiriki kwa ghafula. Wawili hao wanakutana baada ya muda, wanashikana mikono, na kila mmoja anakwenda zake. Lakini msichana sasa ana kazi, ana marafiki, na uso wake umetulia. Jina lake limetimia. Mchezo huo ulipewa tuzo mbili za Baeksang mwaka 2019, ya tamthilia bora na ya maandishi bora, na hadi leo hutajwa kila watu wanapouliza ni mchezo gani uliomalizika kama ipasavyo.

Upo pia mfano mgumu, ambao wapaswa kutufundisha uangalifu. Ni "Twenty-Five Twenty-One" wa mwaka 2022, ulioandikwa na Kwon Do-eun. Msichana mcheza mchezo wa vitara na kijana ambaye jamaa yake imefilisika katika shida ya fedha ya mwaka 1997 wanapendana, kisha wanaachana. Watazamaji wengi walikasirika. Lakini mtungaji alikuwa ameweka dalili wazi: binti wa msichana yule, anayesoma shajara ya mama yake, ana jina la ukoo la Kim, na kijana ni wa ukoo wa Baek. Nchini Korea mtoto aghalabu huchukua jina la ukoo la baba. Aliyetazama kwa makini hakudanganywa. Wenye haki ya kulalamika ni wale waliosema kwamba kuachana kwenyewe kulifanywa kwa haraka, katika sehemu mbili tu za mwisho, wakati mapenzi yalijengwa kwa subira kubwa. Hayo ni malalamiko ya haki, nayo yatufikisha katika kiini cha jambo letu: haraka.

KALAMU INAYOKIMBIZWA

Kwa miaka mingi desturi ya Korea ilikuwa hivi. Mchezo wa kawaida una sehemu 16 au 20, kila moja kama muda wa saa moja au zaidi, nazo huonyeshwa mbili kwa juma. Maana yake ni kwamba kila juma kundi moja la mafundi na wachezaji lilitakiwa kutoa kazi yenye urefu wa sinema nzima. Mchezo ulipoanza kuonyeshwa, sehemu chache tu ndizo zilizokuwa tayari. Zilizobaki ziliandikwa na kupigwa picha huku nchi ikitazama. Tena maandishi yalikuwa kazi ya mtungaji mmoja au wawili pamoja na wasaidizi wachache, si ya chumba chenye watungaji wengi kama ilivyo Marekani.

Sehemu nne za kwanza zilipata miezi ya kufikiriwa. Sehemu ya 14 ilipata siku. Wakorea wana neno la kuitaja hali hiyo, "jjokdaebon", yaani maandishi yanayofika kurasa moja moja mahali pa kupigia picha, asubuhi ya siku ile ile ambayo mchezaji atatakiwa kuyasema. Kwa hiyo ile tofauti ambayo mtazamaji aliiona baina ya mwanzo na mwisho ilikuwa tofauti baina ya kazi iliyopewa muda na kazi iliyonyimwa muda.

Kwamba hali ilikuwa mbaya kiasi gani, yaonekana katika mchezo "Sign" wa kituo cha SBS. Sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa mwezi Machi 2011, na kazi ya kupiga picha ilikuwa imeendelea hadi siku ile ile. Mbele ya nchi nzima sauti ikakatika, na badala ya picha ikatokea mistari ya rangi ambayo mafundi huitumia kupimia mitambo. Mchezo ulikuwa umetungwa vizuri, lakini mwisho wake ulifika kwa watazamaji kama mkate uliotolewa tanuruni ukiwa mbichi.

FAIDA HAITAKI MWISHO

Zaidi ya haraka, lipo jambo la fedha. Mchezo unapopendwa, matangazo ya biashara huongezeka, na mwenye kituo hataki uishe. "Jumong" wa kituo cha MBC, ulioanza mwaka 2006, ulipangwa kuwa na sehemu 60; kwa kuwa ulipendwa mno, ukavutwa hadi sehemu 81. Mtungaji aliyekwisha kuupima mwendo wake kama msafiri anavyopima maji yake, anaambiwa njiani kwamba safari imeongezwa kwa theluthi. Atafanya nini, ila kuwazungusha watu mahali pamoja?

Mfano uliozidi yote ni "Princess Aurora" wa kituo hicho hicho, mwaka 2013, ulioandikwa na Im Sung-han. Ulipangwa kuwa na sehemu 120 ukaongezwa hadi 150, na wahusika zaidi ya kumi waliondolewa mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kufa, wengine kwa kupelekwa nchi za nje. Hata mbwa naye akafa. Watazamaji walikusanya sahihi kudai mchezo usiongezwe. Ni jambo la kushangaza kwamba watu waombe wasipewe zaidi kitu wanachokitazama. Lakini walikuwa wamefahamu ukweli ambao wenye kituo hawakutaka kuufahamu, kwamba hadithi isiyoachwa ife kwa wakati wake huoza ikiwa hai.

WALIOLIPA KWA JASHO NA DAMU

Mtazamaji anapoona mwisho umevurugika, hasara yake ni hasira ya jioni moja. Wapo waliopata hasara kubwa kuliko hiyo. Ile haraka iliyomnyima mtungaji muda wa kufikiri ndiyo iliyowanyima usingizi mafundi wa taa, washika kamera, washonaji na wachukuzi wa vifaa, waliokuwa wakifanya kazi usiku na mchana majuma ya mwisho yalipokaribia.

Mwezi Oktoba 2016 msaidizi wa mwongozaji, kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, alijiua baada ya mchezo aliokuwa akiutumikia kumalizika. Aliacha maandishi ya uchungu juu ya namna wafanyakazi walivyoendeshwa, na juu ya kulazimishwa yeye mwenyewe kuwaendesha wenzake. Kampuni iliomba radhi hadharani mwaka 2017, na mwezi Januari 2018 kilifunguliwa kituo cha kutetea haki za wafanyakazi wa utangazaji, kilichopewa jina la Hanbit kwa kumbukumbu yake.

Baina ya mambo hayo mawili likatokea jingine. Mwezi Desemba 2017 fundi mmoja wa mchezo "A Korean Odyssey" alianguka kutoka juu alipokuwa akifunga taa kubwa ya dari, akaumia uti wa mgongo na kupooza. Siku iliyofuata sehemu ya pili ya mchezo huo ilionyeshwa ikiwa haijakamilika: kamba zilizowaning'iniza wachezaji zilionekana wazi, hata matangazo yakakatizwa. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyofuatana kwa muda wa siku moja. Mtu aliyevunjika na kazi iliyoharibika vilitoka katika chungu kimoja.

MABADILIKO NA HATARI MPYA

Haifai kusema kwamba hakuna lililorekebishwa. Katika mwaka 2018 sheria ya kazi ya Korea ilipunguza upeo wa saa za kazi kutoka 68 hadi 52 kwa juma, na kuanzia Julai 2019 makampuni makubwa ya utangazaji nayo yaliingizwa chini ya sheria hiyo. Haikuwafikia wote, kwa maana mafundi wengi huajiriwa kwa mchezo mmoja mmoja na kuhesabiwa kuwa watu wanaojitegemea. Lakini mwendo umebadilika. Michezo mingi sasa hupigwa picha yote au sehemu kubwa kabla ya kuonyeshwa. Mwaka 2020 mchezo "Hospital Playlist", ulioandikwa na Lee Woo-jung na kuongozwa na Shin Won-ho, ulionyeshwa mara moja tu kwa juma badala ya mara mbili, na mwongozaji alieleza kwamba mojawapo ya sababu ni hali ya wafanyakazi. Watu hawakuukimbia. Waliungoja kila Alhamisi kama mgeni mwema.

Hata hivyo muda peke yake hautoshi. Makampuni ya nje yameleta fedha na nafasi, lakini yameleta pia kishawishi kipya: si kuuvuta mwisho tena, bali kuuficha. "Squid Game" wa Hwang Dong-hyuk, ulioonyeshwa na Netflix mwaka 2021, ulitazamwa ulimwenguni kote. Fungu la pili lilipotoka Desemba 2024 lilikatika katikati ya maasi ya wachezaji, na mtazamaji akaambiwa angoje hadi Juni 2025 ili aone fungu la tatu na la mwisho. Hapo nusu ya watu waliona kwamba shujaa kujitoa kwa ajili ya mtoto mchanga ni mwisho wa heshima, na nusu nyingine waliona kwamba mateso yake yote hayakuivunja ile nyumba ya dhuluma. Mabishano hayo si mabaya. Lakini kuukata mchezo mmoja vipande viwili na kuuza kila kipande ni ile desturi ya zamani ya kuongeza sehemu, iliyovaa kanzu mpya.

WAJIBU WA MTAZAMAJI

Tusimalize bila kusema neno juu ya mtazamaji mwenyewe. Nguvu yake ni kubwa kuliko anavyodhani. Mwezi Machi 2021 mchezo "Joseon Exorcist" wa kituo cha SBS ulifutwa baada ya sehemu mbili tu, kwa kuwa watazamaji walighadhibika kuona historia ya nchi yao inapotoshwa, na wenye matangazo wakajiondoa upesi. Nguvu ya namna hiyo yataka hekima. Ule mtindo wa kuandika huku mchezo ukionyeshwa uliwazoesha watazamaji kudai kwamba fulani amwoe fulani, na kwamba fulani asife. Na mtungaji aliyechoka akatii mara nyingi, kisha wale wale waliodai wakamlaumu kwamba hadithi imepinda.

Mlaji ana haki ya kusema wali umeungua. Hana haki ya kuingia jikoni na kumnyang'anya mpishi mwiko. Mtazamaji ni hakimu wa kazi, si mwandishi wake. Akiuchunga mpaka huo, sauti yake huwa na uzito. Akiuvuka, yeye mwenyewe husaidia kuharibu kile anachokipenda.

Lakini lipo dai moja ambalo hakuna mpaka unaomzuia kulitoa, nalo ndilo lenye faida kuliko yote. Badala ya kuuliza tu, "Kwa nini mtungaji ameniudhi?" na aulize, "Mtungaji alipewa muda gani? Mafundi walilala saa ngapi? Nani aliyeongeza sehemu, na kwa faida ya nani?" Maswali hayo yakiulizwa na watu wengi, tena bila kuchoka, wenye vituo hawatakuwa na budi kuyajibu, kama walivyolazimika kuyajibu mengine. Kazi njema haitoki katika mikono iliyochoka, wala hadithi haiwezi kulipa deni lake ikiwa wanaoifanya wamenyimwa haki yao. Mtazamaji anayetaka mwisho mwema na aanze kwa kumdai mwenye kituo amlipe fundi na mtungaji muda wao. Nao watamlipa yeye.